Mchanganyiko mwekundu mkavu wa Pfalz: pweza, kisamvu cha korosho na mbuzi, mradi upozwe kwanza

Chupa yenyewe ni mvinyo mwekundu wa Kijerumani kutoka Pfalz. Kwenye lebo imeandikwa Rotweincuvée trocken, yaani mchanganyiko mwekundu mkavu. Ndani mna zabibu za aina tatu, Dornfelder, Spätburgunder na Portugieser. Kilevi ni asilimia 13, ujazo ni mililita 750, na kifuniko ni cha kuzungusha.

Kwa meza za Mtwara na Lindi, huu unafaa kuliko ile myekundu mizito ya asilimia 14 na zaidi inayojaa kwenye rafu za maduka. Ukakasi wake ni mdogo, na uchachu wake haujalala. Lakini ukiunywa kwa joto la sebule ya Shangani, Mtwara, mwezi Februari, utakutana na kitu kingine kabisa: kilevi kinakupanda puani, tunda linalegea kama jemu, na mnywaji anaondoka akiamini kwamba Wajerumani hawajui mvinyo mwekundu. Kosa hapo ni la joto.

Aliyekulia chini ya mikorosho hahitaji kufundishwa ukakasi ni nini. Ng'ata bibo ambalo halijaiva sawasawa: ulimi unakauka, mashavu yanakaza, koo linakwaruzwa. Huo mkwaruzo ni kazi ya tanini, na tanini hizo hizo zimo kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kwenye mbao za mapipa. Mvinyo mwekundu unachachushwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana unakaza mdomo na mweupe haukazi. Tukilipa bibo bichi alama 10 za ukakasi, Cabernet nzito ya nchi za joto itapata 7, na mchanganyiko huu wa Pfalz utapata 3, ukibahatika 4. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinatosha kuchagua chakula, kwa sababu karibu kila kosa la kulisha mvinyo mwekundu huanzia kwenye ukakasi.

Ladha yake nayo ina ndugu huku. Harufu ya kwanza ni zambarau zilizoiva sana, zile zinazoacha ulimi mweusi. Nyuma yake unakuja uchachu unaofanana na choya isiyotiwa sukari, halafu pilipili manga kidogo na mbali kabisa harufu ya udongo uliolowa. Haukai mdomoni muda mrefu. Anayetafuta mvinyo wa kunywa peke yake mbele ya televisheni ataona umepita haraka. Huu uliumbwa kukaa na chakula.

Kila zabibu ina sehemu yake. Dornfelder ndiyo inayotoa weusi na ile zambarau. Ni zabibu changa kwa umri: ilizalishwa mwaka 1955 kwenye kituo cha utafiti wa zabibu cha Weinsberg na August Herold, kwa kuchanganya zabibu mbili, Helfensteiner na Heroldrebe, na ilianza kuruhusiwa rasmi kwa kilimo mwaka 1979. Wajerumani waliitaka kwa ajili ya rangi, maana zabibu zao nyingi nyekundu zilikuwa zinatoa mvinyo uliopauka. Spätburgunder ndiyo ile ile Pinot Noir ya Ufaransa. Inaleta uchachu safi na ulaini wa kitambaa cha hariri. Portugieser, ambayo pamoja na jina lake haina uhusiano unaojulikana na Ureno, ni nyepesi na haina makali. Inawapunguzia wenzake uzito na kuufanya mvinyo unyweke mapema bila kungoja miaka. Kwenye lebo ya Kijerumani majina ya zabibu hupangwa kwa wingi wake, iliyo nyingi ikitangulia. Dornfelder ikitangulia, tegemea weusi na tunda. Spätburgunder ikitangulia, tegemea mvinyo mwembamba zaidi na uchachu unaosikika, na huo kwa pweza ni bora zaidi.

Pfalz iko kusini magharibi mwa Ujerumani, kati ya mto Rhine na vilima vyenye misitu vya Haardt. Kwa Ujerumani ni mahali pa joto, lozi na tini zinazaa. Lakini ni karibu nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta, na usiku wa Septemba zabibu zikikaribia kuchumwa kuna ubaridi wa kweli. Ubaridi huo unazuia uchachu usiteketee, na ndio unaoutofautisha mvinyo huu na wa nchi za jua kali.

Sasa lebo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Neno la kutafuta ni trocken. Dornfelder nyingi inayouzwa nje ya Ujerumani ni ya aina iitwayo lieblich, yaani tamu, na chupa zake zinafanana na za mvinyo mkavu kwa kila kitu: rangi, umbo, hata picha ya zabibu. Lieblich inaruhusiwa sukari hadi gramu 45 kwa lita. Trocken mwisho wake ni gramu 4, au hadi gramu 9 iwapo sukari haizidi uchachu kwa zaidi ya gramu 2. Mvinyo wenye sukari gramu 6 na uchachu gramu 5.2 kwa hiyo ni trocken halali, na sukari yake kwenye chupa nzima ni gramu 4.5, kama kijiko kimoja cha chai. Katikati kuna halbtrocken, nusu mkavu, na kuna neno feinherb ambalo sheria haikuliwekea kipimo chochote. Ukiona feinherb, jua una utamu kiasi na uuweke chini kama unapika nyama.

Kwa chupa za mavuno ya 2024 na kuendelea kuna njia rahisi zaidi. Umoja wa Ulaya unadai mvinyo uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 uonyeshe viungo na virutubisho, na wazalishaji wengi wameviweka nyuma ya msimbo wa kupiga picha kwa simu. Tafuta mstari wa sukari kwa mililita 100. Ukisoma gramu 0.6, ndio huu. Ukisoma gramu 3 au 4, umeshika mtamu, hata muuzaji aape vipi.

Mambo mengine mawili ya lebo yana maana. Neno Qualitätswein linasema mvinyo ulionjwa na kupimwa na ofisi ya serikali kabla ya kuuzwa, na ushahidi wake ni namba ndefu inayoanzia na herufi A.P.Nr.; tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa kupimwa. Kwa mchanganyiko mwepesi kama huu, tarakimu hizo zikionyesha miaka sita iliyopita au zaidi, mwachie mwenye duka. Haukutengenezwa kuzeeka. La pili ni Erzeugerabfüllung au Gutsabfüllung, linaloonyesha kwamba aliyelima, au ushirika wa waliolima, ndiye aliyejaza chupa. Neno Cuvée lenyewe halithibitishi ubora wowote, ni mchanganyiko tu. Kwa bei, ukitajiwa zaidi ya mara tatu ya chupa ya mvinyo mkavu wa Dodoma, acha. Ni mvinyo mzuri wa kila siku, na bei yake inapaswa kusema hivyo.

Chupa nyingi za namna hii zinafika huku kwa kuagizwa Dar es Salaam, na safari hiyo ya zaidi ya kilomita 500 ndiyo inayoziua. Mvinyo ukikaa muda mrefu kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 unaanza kupikika, na buti ya basi la mchana juani inapita hapo kwa mbali. Agiza uje na basi la usiku, ufungwe kwenye magazeti ndani ya boksi, ukae ndani na abiria, usiwe kwenye buti jirani na injini. Ukifika, usiufungue siku hiyo. Uache usiku mmoja mahali penye ubaridi utulie.

Chupa iliyopikika ina dalili zake. Kama ni ya kizibo, kizibo kimesukumwa juu kidogo kupita ukingo, au kuna mvinyo mkavu unaonata shingoni. Kama ni ya kifuniko cha kuzungusha, huoni kitu mpaka ufungue: zambarau imekuwa jemu, kuna harufu ya nyanya zilizochemshwa, na ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe ukingo una rangi ya matofali ilhali mvinyo wenyewe ni wa juzi. Hauna sumu, ila hauna raha pia. Harufu ya boksi lililolowa ni ugonjwa wa kizibo na hautibiki. Harufu ya kiberiti au yai mara tu baada ya kufungua kifuniko cha kuzungusha ni jambo dogo: mimina, zungusha glasi kwa nguvu, subiri dakika 10, itaondoka. Na vijiwe vinavyong'aa chini ya chupa iliyokaa sana kwenye friji si vipande vya kioo wala sukari. Ni chumvi ya uchachu wa zabibu iliyoganda kwa baridi. Mimina taratibu, viache chini.

Kuhifadhi kwa miezi huku hatupendekezi. Joto na unyevu wa Mtwara kuanzia Desemba hadi Aprili havina huruma, na ile mbinu ya kuvika chupa gunia lililolowa haifanyi kazi vizuri wakati huo, kwa sababu hewa imeshiba maji na gunia halikauki. Kuanzia Juni hadi Agosti, hewa ikipoa na kukauka kidogo, gunia husaidia. Nunua chupa mbili, si sita, na zinywe ndani ya miezi miwili au mitatu. Zikisubiri, zilaze droo ya chini ya friji. Friji ni baridi kupita kiasi kwa mvinyo mwekundu, lakini baridi inaulaza tu. Joto linauharibu moja kwa moja.

Joto la kunywea ni nyuzi 14 hadi 16. Ule usemi kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ulizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 17 au 18; chumba cha Mtwara chenye nyuzi 30 hakikufikiriwa. Chupa yenye joto la chumba iweke kwenye friji saa moja na nusu, au kwenye friza dakika 25 hadi 30, ukiweka kengele ya simu, kwa sababu chupa iliyosahaulika humo inapasuka. Umeme ukikatika, au muda ukiwa mfupi, tumia ndoo: nusu barafu, nusu maji, chumvi kiganja kimoja, chupa izame mpaka shingoni kwa dakika 12 hadi 15. Maji ndiyo yanayofanya kazi, maana barafu tupu inaigusa chupa sehemu chache tu. Chumvi inashusha joto la maji chini zaidi.

Kama chupa ilikuwa imelala kwenye friji, itoe dakika 20 kabla ya kumimina. Mimina kidogo kidogo, mililita 100 kwa mara moja, wala usijaze glasi, kwa sababu mezani inapata joto haraka kuliko unavyodhani. Glasi yoyote yenye tumbo itafaa. Ubaridi ukizidi, chini ya nyuzi 12, ule ukakasi wa 3 unajifanya 5 na tunda linajificha. Ukiona hivyo ishike glasi kwa viganja viwili dakika chache.

Kwa Wajerumani, mchanganyiko kama huu huenda na nyama ya ng'ombe iliyookwa na mchuzi wake mzito, Rouladen za nyama iliyokunjwa, nyama ya paa, na jibini gumu. Ukitazama vizuri, vyakula hivyo vyote vina chumvi ya kutosha, mafuta kiasi, na rangi iliyotokana na kukaangwa au kuchomwa. Hivyo ndivyo vitu vitatu vya kutafuta kwenye chakula cha huku. Chumvi inalainisha ukakasi. Mafuta na protini vinaushika ukakasi kabla haujashika ulimi. Ile ngozi iliyoungua kidogo ina uchungu mtamu unaoitana na tunda jeusi.

Ndiyo maana tunaanza na pweza wa kuchoma, si nyama. Wengi hukataa mvinyo mwekundu kwa kila kitokacho baharini, na kwa samaki wa mafuta wana haki. Chembe za chuma zilizomo kwenye mvinyo mwekundu zikikutana na mafuta ya samaki huzaa ile shombo ya chuma inayobaki kooni. Pweza hana mafuta ya kutosha kuanzisha ugomvi huo, na nyama yake imeshiba, inatafunika kama nyama ya mnyama. Chagua wa kilo 1 hadi 1.5. Mgandishe siku moja au mbili. Maji ya ndani yakiganda yanapasua nyuzi, kazi ile ile ya kumpiga kwenye jiwe. Mwinjike kwa moto mdogo na kikombe kimoja tu cha maji, bila chumvi, maana atatoa maji yake mwenyewe na yana chumvi tayari. Dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kipenye sehemu nene ya mnyiri bila kusukumwa. Mwache apoe ndani ya maji yake, ukimtoa wa moto ngozi inavuka. Kisha mpake mafuta, mweke juu ya makaa makali dakika 2 au 3 kila upande mpaka vikombe vya minyiri viwe vyeusi ukingoni. Chumvi, ufuta uliokaangwa na kupondwa kidogo, basi.

Yanayoharibu pweza huyo ni mawili, ndimu na pilipili. Ndimu nzima iliyokamuliwa juu yake ina uchachu mkali kuliko mvinyo mara nyingi, na kila uchachu wa chakula unapouzidi wa mvinyo, mvinyo unapooza na kuwa kama maji ya rangi. Kijiko kimoja cha chai kwa sahani kinatosha, na kiwekwe kabla ya kuchoma. Pilipili nayo inachochewa na kilevi. Kwa asilimia 13 iliyopozwa bado unaweza kula pilipili ya kiasi. Kwa pilipili kichaa iliyosagwa, ulimi unawaka na mvinyo wowote mwekundu utaonekana mkali na mchungu. Iwekwe pembeni kwenye kibakuli, kila mtu achovye kwa hiari yake. Supu ya pweza, yenye ndimu na pilipili kama roho yake, haiendi na chupa hii hata kidogo, na supu isibadilishwe kwa ajili ya mvinyo. Pweza wa nazi anakubali, ukitumia tui zito la kwanza mwishoni na kupunguza manjano. Mafuta ya nazi yanafunika ukakasi wote, mpaka Dornfelder inasikika tamu ilhali haina sukari.

Korosho. Mjerumani ana jibini mwisho wa mlo, Mtwara ina korosho, na hatuoni upungufu wowote. Lakini ichagueni vizuri. Korosho iliyochomwa na kubaki na lile ganda jembamba la kahawia ina tanini zake yenyewe kwenye ganda hilo, na ukiitafuna na mvinyo huu ukakasi unajumlishwa: mdomo unakauka kana kwamba umekula bibo. Imenye ibaki nyeupe, ichome mpaka rangi ya dhahabu hafifu isiungue, itie chumvi ikiwa bado ya moto. Mafuta yake, chumvi na utamu wake mdogo vinatosha kuifanya chupa iishe bila kitu kingine.

Kisamvu cha korosho ndicho kilichotushangaza, maana majani mara nyingi yanagombana na mvinyo mwekundu. Uchungu wa kijani unaufanya usikike wa chuma. Hapa siri ni kiasi cha korosho. Kwa kilo 1 ya kisamvu kilichotwangwa laini na kuchemshwa vizuri zaidi ya saa moja, kikombe kimoja kilichojaa cha korosho mbichi zilizosagwa ndicho kiwango cha chini. Pungufu ya hapo, majani yanabaki peke yao na mvinyo. Karanga pia zinafaa ila zina ladha nzito inayofunika Spätburgunder. Chumvi iwe ya kutosha, na kitunguu kikaangwe mpaka kiwe cha kahawia kabla ya kuingia chunguni. Kula na ugali wa muhogo, ambao hauingilii chochote.

Kwa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemshwa, hakuna cha kusema sana. Ni mitamu kwa asili yake, inaliwa na chumvi na pilipili, na mvinyo hauipi kitu wala hauichukulii. Tungeiacha na chai.

Mbuzi wa kuchoma hana mjadala: chagua mbavu zenye mafuta, chumvi iwekwe saa moja kabla, na moto wa makaa yaliyokwisha kuwa na majivu. Mbuzi aliyekauka kwa kuchomwa kupita kiasi ndiye asiyefaa, maana mafuta yameondoka na ukakasi haujapata pa kushika. Rosti ya ng'ombe yenye nyanya inaenda vizuri sana kwa kuwa uchachu wa nyanya na wa mvinyo huu uko karibu sawa. Mivinyo mizito ya nchi za jua inashindwa hapo. Pilau ya nyama ni rafiki mkubwa. Mdalasini, karafuu na pilipili manga zinaitoa ile harufu ya viungo iliyokuwa imejificha kwenye glasi. Ila kachumbari ya ndimu na kitunguu kibichi ikae mbali, au itengenezwe kwa chumvi na tango tu. Mbaazi za nazi zinafaa siku isiyo na nyama, zikiwa nzito.

Sasa vinavyoshindwa. Nguru na jodari, kwa ile sababu ya mafuta na chuma, hata wakichomwa vizuri namna gani. Dagaa wa kukaanga, vivyo hivyo na zaidi. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi na shombo inayoushinda mvinyo wowote. Kamba utamu wao unageuka uchungu. Kitu chochote cha ukwaju au achari ya embe kinaupooza. Changu au kolekole wa kupaka, mweupe wa nyama na mwenye nazi nzito, anaweza kupita kama chupa imepozwa hadi nyuzi 13 na Spätburgunder ndiyo imetangulia kwenye lebo. Bila hayo, fungua mvinyo mweupe. Na vitamu vyote, visheti, kashata, keki, havifai na mvinyo mkavu: sukari ya chakula inaufanya usikike kama siki. Maliza chupa kwanza, kisha leta kashata na kahawa.

Chupa moja inatoa glasi tano za mililita 150. Ikibaki, funga kifuniko na irudishe friji mara moja, usiiache mezani usiku. Kwa joto la huku asubuhi itakuwa imeanza kuelekea kwenye siki. Ndani ya friji inakaa siku mbili vizuri, ya tatu tunda limepungua.

Ya siku ya tatu ipikie. Kwa kilo 1 ya nyama ya ng'ombe ya rosti tumia mililita 200: kaanga nyama mpaka iwe ya kahawia, kaanga kitunguu, mimina mvinyo kabla ya nyanya, ukwangue kilichoshika chini ya sufuria, na uache uchemke bila mfuniko dakika 5 hadi ukali wa harufu upungue. Ukitia nyanya kwanza, uchachu unajumlishwa na mchuzi unauma. Tena kilevi hakiishi chote jikoni, hata sufuria ikikaa motoni saa nzima. Kwa hiyo mgeni asiyetumia aambiwe kabla hajapakua. Au tangu mwanzo mpikie sufuria yake kwa mililita 200 za choya kavu iliyochemshwa nzito bila sukari. Inatoa rangi ile ile na uchachu wa karibu, na nyama inalainika vizuri.